Kona ya Kweme

Jumanne, 1 Aprili 2025

Mashine imefika. Idi ilikuwa jana na nyumba yetu hapa Mabawa bado inanukia pilau, lakini mimi tangu asubuhi nilikuwa ghalani kwa Mustansir, Ngamiani, nikiwazuia wapakuzi wasiilaze ubavu. Dada yangu Shadya, ambaye ana mimba ya miezi saba na ulimi wa miaka sabini, ameniambia wenzangu wanapiga picha na mikufu ya Idi, mimi napiga picha na mtungi wa chuma. Nimemwonyesha picha. Hata yeye amekubali kwamba mtungi unang'aa.

Daktari Devota, mwalimu anayenisimamia shahada ya pili, anasema mtafiti awe na madaftari mawili: moja la namba, moja la ulimi. Hili ni la ulimi. Basi niseme kwa ulimi mashine inafanya nini. Inabana gesi ya kabonidioksidi, ileile inayotoa povu kwenye soda, mpaka inafika mahali haiwi gesi wala maji. Ikifika hapo inapenya kwenye unga wa mbegu kama hewa na inayeyusha mafuta kama petroli. Ukiilegeza inapaa zake, inakuachia mafuta matupu kwenye chupa. Inahitaji joto linalopita nyuzi thelathini na moja, ambalo Tanga tunalo bure, na presha kubwa, ambayo hatuna ila ndani ya hiki chuma.

Mashine ni ya kuazima. Tarehe 31 Mei lori la chuo linakuja kuichukua, isipokuwa Mustansir akubali ibaki, kisha ajenge nyingine kubwa ya kwake. Mustansir ni mtoto wa marehemu Hasanali aliyekamua nazi katika ghala hili maisha yake yote, na ni mtu anayekunja mfuko wa nailoni akauweka kwa matumizi ya baadaye.

"Hafsa," aliniambia leo, "mimi sinunui kitu kinachonishangaza. Niambie kabla mafuta yatatoka kiasi gani na saa ngapi. Yakitoka hivyo hivyo, inabaki. Ukikosea zaidi ya tano kwa mia, lori lije."

Kwa hiyo kazi yangu si kukamua mafuta. Kazi yangu ni kutabiri. Nina modeli, nina mashine, nina miezi miwili. Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimekwenda Nguvumali kwa wanawake watakaotubangulia kweme. Mbegu zenyewe, bapa na zenye mafuta mengi, zinatoka milimani Amani, zikiwa na maganda yake mawili, moja la nyuzi na moja gumu. Wanawake sita watazikausha, watazibangua, na kutuletea kiini. Kiongozi wao ni Bi Mwanasiti, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza maharage ya asubuhi, na ambaye simu yake ililia mara nne tukizungumza na mara zote nne aliipokea.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mdogo wake Shadya? Mimba yake ina miezi mingapi?"

Nikamjibu, kisha nikampa karatasi ya masharti niliyoichapa. Kweme zikaushwe juani siku nne. Zisikae moshini hata kidogo, kwa sababu mafuta ya moshi hakuna atakayeyataka. Aliisoma taratibu, akaikunja, akaitia kwenye kibindo.

Wakati naondoka alichukua kiini kimoja, akakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, akakitazama. "Hizi bahili," alisema. "Zitakupa kidogo, kisha zitaanza kukuringia." Nikacheka. Nimeandika hapa kwa sababu Shadya anapenda maneno kama hayo.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua. Mzigo wa kwanza umefika. Umepungua gramu mia mbili na kitu kwa hesabu yangu. Nimeupokea hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ewe Mola. Imekubali.

Nataka niandike hili vizuri ili siku nikiwa mzee nisome. Kiini cha kweme ni vijumba vidogo visivyoonekana, kila kimoja kimejaa mafuta. Ukisaga, vijumba vingine vinavunjika na mafuta yake yanabaki wazi, gesi ikipita inayazoa tu. Vingine vinabaki vizima, na mafuta yake lazima yapenye ukuta, polepole. Basi ukipima mafuta kila robo saa ukayachora, unapata mstari ulionyooka unaopanda, halafu kona, halafu mstari unalegea na kulala. Mahali pa kona panategemea namba moja: katika mafuta yote, ni sehemu gani imekaa kwenye vijumba vilivyovunjika. Chuoni nilipata sitini na mbili kwa mia. Gramu mia za kweme zina mafuta gramu hamsini na nane, kwa hiyo kona iwe kwenye gramu thelathini na sita, saa mbili na robo baada ya kufungua vali.

Fundi Mudathir, anayeendesha presha, alikaa upande wa vali. Mimi upande wa mizani. Nne. Nane. Kumi na mbili. Kila robo saa gramu nne, utadhani zimepimwa dukani. Saa mbili na robo: thelathini na sita. Robo saa iliyofuata zikatoka mbili na nusu tu.

"Imepinda," nilisema.

"Nini?"

"Imepinda pale pale, kaka Mudathir. Nilipoiambia ipinde."

Mudathir amefunga mabomba ya meli miaka kumi na moja na hana mazoea ya kusisimka, lakini alikuja kutazama kompyuta, akasema, "Kumbe unaijua." Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ndefu makusudi.

Jumatano, 9 Aprili

Tena. Kona kwenye thelathini na tano na nusu. Nimemtumia Daktari Devota grafu zote mbili. Amejibu kwa neno moja, "Safi," na kwake hilo ni hotuba.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imeanza baada ya sala ya Ijumaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Shadya amelala mchana kutwa na miguu juu ya mito.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mzigo wa pili umefika, mkavu kabisa, uzito kamili. Nimewasifu.

Jumatano, 16 Aprili

Sielewi. Mstari ulifika thelathini na sita, ukapita kana kwamba hapana kitu hapo. Arobaini. Arobaini na nne. Umekuja kupinda kwenye arobaini na sita, karibu saa tatu. Mafuta ni mengi mapema, na Mustansir aliyekuwa amesimama nyuma yangu alifurahi.

"Mazuri haya," alisema.

"Si mazuri. Sikuyatabiri."

"Kumbe unanisikia ninaposema," akajibu, akaenda zake kufunga hesabu za sabuni.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua wiki nzima. Jaribio la nne: kona kwenye arobaini na sita tena. Nimebadilisha chujio, nimepima upya presha, nimemkaripia Mudathir ambaye hakuwa na kosa. Baadaye nimemwomba radhi na mahamri mawili. Amekula, akasema anaweza kukaripiwa tena kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua, hatimaye, siku ya tano leo. Nguo zote za Mabawa ziko kwenye kamba. Mzigo mpya umefika, umepungua kiasi kile kile cha mara ya kwanza, gao mbili tatu, kila moja ujazo wa kiganja. Nimeanza kuandika upungufu huu pembeni.

Jumatatu, 28 Aprili

Kona: thelathini na sita. Imerudi nyumbani. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu modeli inayokuwa kweli siku moja na uongo siku nyingine ni ubashiri wa barazani.

Jumatatu, 5 Mei

Mzigo wa Ijumaa ulikuja na mvua. Arobaini na sita na nusu. Gesi imekwisha, mitungi miwili, majaribio sita. Mtungi wa tatu umekwama mpakani Horohoro ukitokea Mombasa, na kosa ni langu: kwenye fomu niliandika ujazo nikasahau uzito. Nimetuma fomu nyingine. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba lilikuwa kosa la mtu mwingine.

Jumanne, 6 Mei

Daktari Devota amepiga simu.

"Una vipimo vitatu vinavyokubali na vitatu vinavyokataa," alisema. "Vinavyokataa vina mbegu mbovu au vina jambo usilolijua. Kama huwezi kulijua kabla ya mwisho wa mwezi, vitoe, useme umevitoa na kwa nini."

"Nitasema kwa nini?"

"Hilo ndilo swali lako, Hafsa."

Mchana kutwa nimefikiri na nimefika mahali ambapo mtu akitafuta mkosaji hufika, kwa aliye mbali. Mashine nimeikagua, ni nzima. Hesabu nimezikagua, ni nzima. Waliobaki ni wabanguaji. Uzito unapungua leo, kesho haupungui. Kona leo hapa, kesho kule. Hawa hawafuati masharti.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika ripoti kwa Mustansir: kundi la Nguvumali liachwe, kweme zinunuliwe kwa mfanyabiashara mwenye mashine ya kubangua na tanuri la umeme. Kurasa mbili, lugha safi. Ameisoma akiwa amesimama, akasema atampigia mtu huyo. Sijisikii vibaya. Naandika kwamba sijisikii vibaya, na hiyo yenyewe inanipa wasiwasi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Bi Mwanasiti alimtumia Shadya salamu na ukwaju. Nimeuonja ule ukwaju, nikamwachia Shadya wote.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya, basi.

Baada ya chakula cha mchana nilitaka tarehe za mizigo niziingize kwenye jedwali la Daktari Devota. Daftari la namba nililiacha ghalani. Nikachukua hili. Nikawa nafungua kurasa nikitafuta neno "mzigo," na Shadya amekaa kitandani anakata kucha.

"Jua, mzigo wa kwanza," nilisoma kwa sauti. "Mvua. Mvua. Mvua. Mzigo wa pili. Mvua wiki nzima. Jua, mzigo. Mvua, mzigo."

"Unasoma utabiri wa hali ya hewa?" Shadya akauliza.

Nikachukua penseli, nikaandika kona za majaribio sita kando ya tarehe zake. Jua, thelathini na sita. Jua, thelathini na tano na nusu. Mvua, arobaini na sita. Mvua, arobaini na sita. Jua, thelathini na sita. Mvua, arobaini na sita na nusu. Sita kwa sita. Hakuna hata moja iliyokosea njia. Nilikuwa nayo hapa muda wote, katika vile vijistari vya uvivu nilivyoandika siku ambazo sikuwa na la kusema.

Nilipiga kelele. Shadya akajishika tumbo akanitukana, akaniambia nikitaka kumzalisha nisubiri Juni.

Hapo ndipo likaja swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo, na mzigo ukaja mkavu, na mimi nikawasifu. Ulikauka wapi?

Jumanne, 13 Mei

Nimefika Nguvumali saa moja asubuhi, mvua ikinyesha. Bi Mwanasiti alikuwa kwenye banda lake nyuma ya nyumba, sufuria ya maharage jikoni, kuni zinawaka vizuri. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza hali ya Shadya, akanipa kigoda. Kisha nikauliza kweme zinakaushwa wapi.

"Juani, kama ulivyoandika."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati mpaka nyuma ya shingo yangu. "Jua lipi, Bi Mwanasiti?"

Akanitazama. Nikatazama juu. Juu ya jiko, kimo cha mtu akiinua mkono, kulikuwa na kichanja cha fito, na juu ya kichanja kweme zimetandazwa, kila moja na maganda yake, joto la maharage ya watu linapanda kuzifikia.

"Ulisema zisikae moshini," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefumaniwa, ilikuwa ya mtu aliyeudhiwa. "Kweme ina maganda mawili. Moshi umeingilia wapi? Wewe ukivaa baibui ukipika, mifupa inanuka moshi? Au ulitaka nikuletee zilizoota ukungu, uziweke kwenye dude lako lile?"

"La, hasha. Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniletea karatasi." Akachota maharage, akaonja, akaongeza chumvi. "Bibi yangu alikausha hivi masika, mama yangu alikausha hivi masika. Kweme ya jikoni inakuwa nyepesi, ukiigonga inapasuka ovyo. Ya juani inabaki imeshikamana, haipasuki. Kila mtu anajua."

Kila mtu isipokuwa mtu mwenye kompyuta. Nilimwomba aniteremshie moja ya kichanjani. Alivunja maganda, akabonyeza kiini kwa ukucha, na mafuta yakaja juu ya ukucha papo hapo, yaking'aa. "Hii karimu," alisema. "Itakupa, itakupa, mpaka iishiwe."

Bahili na karimu. Tarehe 3 Aprili alinipa modeli yangu yote kwa maneno mawili, mimi nikacheka, nikaandika kwamba dada yangu anapenda maneno kama hayo. Joto la jiko linavifanya vijumba kuwa vikavu na dhaifu. Ukibangua na kusaga vinavunjika vingi zaidi. Mafuta ya wazi yanaongezeka. Kona inasogea mbele. Mbegu hazikuwa mbovu. Namba yangu ndiyo iliyokuwa mfu, nami niliitaka iwe hivyo hivyo jua na mvua.

Kisha ikabidi niseme. Nilisema nikitazama sufuria. "Bi Mwanasiti, nimemwandikia Mustansir kwamba kundi lenu liachwe."

Simu yake ikalia, na kwa mara ya kwanza hakuipokea.

"Sote sita?"

"Nyote sita. Nilikosea. Naomba uniwie radhi."

"Mimi sina kikao cha radhi asubuhi hii, nina wateja," alisema. "Karatasi imeandikwa na wewe, itafutwe na wewe." Akanipa bakuli la maharage bila kunitazama. Nimeyala yote. Nilitaka kulia na wakati huohuo nilitaka kukimbia kwenda kwenye hesabu, na naona aibu kusema kwamba la pili lilikuwa na nguvu zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Mustansir amenisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Wiki iliyopita wanaharibu," alisema. "Wiki hii wanajua kuliko wewe. Mustansir amsikilize Hafsa wa siku gani?"

"Wa siku ya jaribio. Nitakuandikia grafu, niifunge kwenye bahasha, ukae nayo wewe. Kweme za Nguvumali, za jikoni. Nikikosea, lori lije, na mfanyabiashara wako aje."

Alifikiri. Alichukua mpira uliofunga barua zake, akauvingirisha kidoleni, akautia mfukoni. "Tarehe 29," alisema.

Jumamosi, 17 Mei

Mtungi umetoka Horohoro. Majaribio matatu tu. Mawili ya kujifunza, moja la kujibu.

Jumatatu, 19 Mei

Sasa namba yangu ina uhai. Jiko la Bi Mwanasiti linawaka kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Siku nne ni saa kumi na mbili za moto: themanini kwa mia. Leo nimejaribu kweme za siku mbili tu, saa sita: sabini na mbili. Bila moto, sitini na mbili. Nimepitisha mstari kwenye nukta hizo tatu, umepanda vizuri huku ukilegea kidogo kidogo, na nimemwonyesha kila mtu aliyepita ghalani, akiwemo muuza maji.

Alhamisi, 22 Mei

Saa tisa za moto. Modeli ilisema kona kwenye arobaini na nne. Imekuja kwenye arobaini na nne na robo. Mudathir amesema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Hii sasa unaweza kuilalia usingizi." Nimebaki na jaribio moja.

Jumatano, 28 Mei

Bahasha nimeifunga na kumkabidhi Mustansir mbele ya Mudathir. Saa kumi na mbili za moto, themanini kwa mia, kona kwenye gramu arobaini na sita, saa tatu kasoro dakika sita.

Alhamisi, 29 Mei

Nianze mwanzo nisiruke.

Saa mbili asubuhi Bi Mwanasiti alikuja mwenyewe na mzigo, amevaa baibui jipya, wa kwanza katika wale sita kuingia ghalani. Hakuwa amesema nami tangu yale maharage, ila kwa salamu na hesabu ya siku za moto. Alizunguka mashine mara moja, akaigusa, akauliza kama haiwezi kulipuka. Kisha akachukua kiini kimoja kutoka kwenye mzigo wake, akakibonyeza kwa ukucha.

"Uliandika nini kwenye barua ya Mustansir?" aliuliza.

"Themanini. Kama za siku nne."

"Hizi zimepita. Hizi karimu mno."

"Si siku nne?"

"Siku nne. Lakini juzi palikuwa na hitima kwa jirani, tukapikia pilau kwangu. Jiko lilikaa linawaka."

Nikatoa kalamu. "Lilikaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri. Saa saba zaidi ya kawaida." Akanikazia macho. "Hukuniuliza kama kuna hitima."

Saa kumi na tisa, si kumi na mbili. Nilikaa kwenye ndoo, nikapiga hesabu kwenye simu, kwa mstari ule ambao ulikuwa haujawahi kupita saa kumi na mbili. Themanini na sita kwa mia. Kona kwenye gramu hamsini. Lakini hesabu hiyo ilikuwa imesimama juu ya ukucha wa mtu na kumbukumbu yake ya pilau. Bahasha ilikuwa imesimama juu ya vipimo. Nilibaki nimekaa pale, nikajiuliza ni nani nimemwamini mwezi wote na imenisaidia nini.

Nikaenda kwa Mustansir. "Naomba bahasha."

"Unaogopa?"

"Nina habari mpya. Kweme zimepata moto zaidi. Nataka nibadilishe grafu."

Nilitegemea akatae. Alitazama vali, akamtazama Mudathir. "Imeshafunguliwa?"

"Bado," Mudathir akasema.

"Basi badilisha. Kabla ya vali ni utabiri. Baada ya vali ni hadithi." Akatoa bahasha, akaichana kwa uangalifu ili itumike tena. Nikaandika hamsini, saa tatu na dakika saba, na mwisho wa saa nne na nusu, gramu hamsini na tano. Akaifunga kwa ule mpira.

Tukaanza saa tatu asubuhi. Gramu nne kila robo saa, na kila nikizitaja Bi Mwanasiti alitikisa kichwa kama mtu anayehesabiwa chenji sahihi. Saa mbili na robo tangu vali ifunguliwe, thelathini na sita, tukaipita kona ya jua. Saa tatu kasoro robo, arobaini na nne. Robo saa iliyofuata ndiyo iliyobeba kila kitu. Kama nilikuwa sahihi jana, mstari ungepinda hapo katikati, na leo nimejiharibia mwenyewe. Mustansir aliacha kuvingirisha chochote. Mudathir alisogea kwenye mizani ambayo si kazi yake.

Chupa nikaiweka. Mizani ikatikisika, ikatulia. Arobaini na nane kamili. Haikupinda.

Saa tatu na robo: hamsini na nusu. Imepinda.

Sikupiga kelele. Nilimtazama Bi Mwanasiti, naye alikuwa ananitazama tayari. "Si nilikwambia," alisema, na akacheka, na mimi nikacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Saa nne na nusu mafuta yote yalikuwa gramu hamsini na nne na nusu, rangi ya chai ya rangi iliyochujwa, hayana hata chembe ya moshi. Mustansir aliyanusa, akawanusisha wote, akayanusa tena. Kisha akafungua bahasha, akaweka karatasi yangu kando ya skrini, akafuata mstari kwa kidole chake kutoka chini mpaka juu, na hakuinua kidole mahali popote.

"Haijanishangaza," alisema. Nimeishi miaka ishirini na saba na hapana mtu aliyewahi kunisifu zaidi ya hapo.

Jumamosi, 31 Mei

Lori limekuja, limekunywa chai, limeondoka tupu. Namaanisha dereva alikunywa chai. Mfanyabiashara wa tanuri ameambiwa ahsante. Mustansir amekubali kujenga banda lenye vichanja sita Nguvumali na saa ya ukutani ili moto uandikwe. Bi Mwanasiti amesema saa ataitazama yeye na karatasi nitaandika mimi, na ya zamani nimwachie afunikie maharage.

Jumatatu, 2 Juni

Shadya amejifungua jana mchana, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Nilisimama karibu na mizani ya muuguzi mpaka akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Leo Bi Mwanasiti amekuja kumtazama mzazi. Kutoka chini ya baibui ametoa kifurushi cha kanga, amekifungua juu ya kitanda. Kweme, zimebanguliwa, nyeupe, zinajaza sinia.

"Za mzazi, maziwa yapatikane," alisema. "Kwenye mizigo tunatoa gao, akiwepo mja mzito tunayemjua. Tumemwekea tangu Aprili."

Nilikumbuka gramu nilizoandika pembeni. Nikakumbuka pia, sasa, kwamba zilipungua mizigo ya jua tu, na ya mvua ilikuja kamili. Nilimuuliza kwa nini.

"Mzazi hapewi karimu," alisema, akimshikisha Shadya moja mkononi. "Inamwaga yote mara moja, inaisha. Mzazi anataka bahili, itoe polepole, imfikishe mbali." Akanigeukia. "Haya, hata hili hukuniuliza."

Kwenye ripoti ile niliandika upungufu huu kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Nimeitafuta nakala yangu, nimeichana, Shadya akaniuliza nachana nini na nikamwambia karatasi ya zamani. Kisha tukala kweme, sisi watatu, mtoto amelala katikati yetu. Mimi nimekula saba au nane, sikuzihesabu.